Seti ya springi za injini ya mfano, na fundi saa wa Ngamiani

Injini yangu ndogo ya treni ya mfano ni ya mvuke kwa sura tu, kwa kuwa ndani yake mna mota ya umeme inayopata umeme kutoka kwenye reli kupitia magurudumu sita. Tangu mvua za masika zilipoupinda ubao wa meza yangu hapa Chumbageni, Tanga, ikawa inazimika kila ifikapo kwenye kona moja. Nilipopitisha karatasi ya sigara chini ya kila gurudumu, ilipita chini ya magurudumu mawili bila kuguswa. Chasisi isiyo na springi husimama kwa magurudumu machache, kama meza yenye mguu mfupi, na gurudumu lililo hewani halileti umeme wala halisaidii kuvuta mabehewa.

Kwa hiyo niliagiza kutoka Uingereza seti ya springi ya kipimo cha 1:76 (yaani injini ya mfano ni ndogo mara 76 kuliko ya kweli), kile kinachotumia reli ya upana wa milimita 16.5. (Wajuzi watasema kwamba reli halisi ya Uingereza, yenye upana wa milimita 1,435, ikipunguzwa kwa kipimo hicho hutoka karibu milimita 18.8, nao wana haki. Lakini huo ni ugomvi wa Waingereza wenyewe, na reli yetu ya Tanga, iliyoanza kujengwa mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ni ya upana wa mita moja, hivyo haiwezi kuwaamulia.)

Mfumo wenyewe ni wa akili. Kila upande wa chasisi una waya mmoja mwembamba wa chuma, unaopita katika vifundo vinne vyenye matundu vilivyolehemewa kwenye chasisi, na baina ya vifundo hivyo waya hukandamiza vijumba vitatu vya shaba vilivyoshika ekseli, yaani vyuma vinavyounganisha magurudumu ya kushoto na ya kulia. Uzito wa injini huupinda waya kwa karibu nusu milimita, na kila gurudumu hupata nafasi ya kupanda na kushuka peke yake. Hakuna springi ndogo za kurukia sakafuni na kupotea, jambo ambalo mtu wa umri wangu hulithamini. Vijumba vimechongwa vizuri sana: vinateleza juu na chini bila kucheza mbele na nyuma. Maelekezo nayo yanasisitiza kwamba umbali kati ya ekseli upimwe kwa fito zenyewe zinazounganisha magurudumu, si kwa rula, maana tofauti ndogo tu itayafanya magurudumu yakabe yanapozunguka.

Kasoro ni mbili, na ya kwanza ni kubwa. Alama za kutobolea vifundo zimewekwa kwa nafasi sawa, jambo linalopendeza macho lakini linaharibu mizani. Kwa kuwa waya juu ya ekseli ya katikati huendelea pande zote mbili, hapo huwa mgumu zaidi, na ekseli hiyo hubeba uzito zaidi kuliko wenzake. Matokeo yake injini yangu ilibembea mbele na nyuma kama ngalawa. Nafasi ya katikati ilitakiwa iwe ndefu kuliko za pembeni. Kasoro ya pili ni waya, ambao kwa hewa yetu ya chumvi ulianza kushika kutu kabla sijamaliza kazi.

Nilimpelekea fundi saa mmoja wa Ngamiani, ambaye hakuwahi kushika injini ya mfano maishani mwake. Aliuinua waya kwenye mwanga, akaukunja kidogo kwa koleo, akasema, “Mwalimu, huu umechoka hata kazi haujaanza.” Nikamwambia, “Nimelijua hilo, fundi, ndiyo maana nimekuja na uzi wa gitaa.” Uzi wa chuma wa inchi 0.012, yaani karibu milimita 0.3, haukunisumbua kuupata katika mji wa taarabu. Alisogeza vifundo viwili vya ndani vya kila upande kuelekea nje, akayasugua mabaki ya asidi ya kulehemea kwa mswaki na maji ya moto, kisha akaupaka uzi mafuta ya saa kwa ncha ya sindano. Malipo yalikuwa shilingi 30,000. Kazi aliyoiahidi kwa Jumatano niliipata Jumamosi, na hilo ndilo lalamiko langu pekee juu yake.

Sasa kila gurudumu linaing'ang'ania karatasi ya sigara, na kona iliyokuwa ikizima injini inapitwa polepole na mabehewa manane nyuma. Anayetaka kununua seti hii anunue kwa ajili ya vijumba vya shaba; ramani ya matundu na waya wake aviache ndani ya pakiti. Chasisi ya tenda, lile behewa la makaa na maji linalofuata injini, nimemwachia fundi juzi. Ameandika tarehe juu ya bahasha, na chini yake ameongeza “inshallah”.