Bendera Mezani: Uzoefu Wangu wa Kumpeleka Mtoto Mchaguzi wa Chakula Carnivore, Nairobi

Mwanangu ana miaka 9, na amekuwa mchaguzi wa chakula tangu alipoachishwa ziwa. Hali vitunguu, hali mboga ya majani ya aina yoyote, hali nyama yenye mafuta, na mchuzi ukigusa wali ambao hakuuomba uguswe, wali huo ameshauaga. Ninaanza na hayo kwa sababu ninawaandikia wazazi wenye mtoto wa namna hiyo, ambao wameshazoea kusoma orodha ya vyakula ya mgahawa kwa wasiwasi kabla hata ya kuvuta kiti, na ambao wakisikia kwamba kuna mahali panapoitwa Carnivore, ambapo nyama za aina nyingi huletwa mezani zikiwa zimechomekwa kwenye sime, watasema mara moja kuwa hapo si pa kwao. Mimi nilisema hivyo hivyo. Wifi yangu, ambaye ameolewa Nairobi na amekaa huko miaka mingi, ndiye aliyeng'ang'ania twende, na nilikubali kwa heshima yake tu.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kusita. Mwaka uliotangulia tulikula kwenye mgahawa mmoja wa ufukweni, ambao sitautaja, uliopambwa kama jahazi, na wahudumu wake walikuwa wamevaa kama mabaharia na kufundishwa kuchekesha wageni. Mwanangu alianza kutoa vitunguu kwenye pilau, kimoja kimoja, akivipanga ukingoni mwa sahani kama anavyofanya nyumbani. Mhudumu akasimama nyuma yake, akaanza kuhesabu kwa sauti: kimoja, viwili, vitatu. Meza ya jirani ikacheka, halafu meza ya pili, na alipofika kumi na mbili mtoto alikuwa ameweka kijiko chini na macho yamejaa maji. Sidhani yule kijana alikuwa na nia mbaya. Alikuwa ametumwa achekeshe, akachukua kilichokuwa karibu. Lakini kwa miezi kadhaa baada ya hapo, kila tulipotaja kula nje, mwanangu aliuliza kwanza kama huko wahudumu wanaongea.

Carnivore iko Barabara ya Langata, si mbali na Uwanja wa Ndege wa Wilson, na ilifunguliwa mwaka 1980. Ukiingia, unakutana na jiko kubwa la mkaa lililo wazi, na juu yake mapande ya nyama yamechomekwa kwenye sime za Kimaasai, yanageuzwa polepole huku mafuta yakidondoka na moshi ukipanda. Wakataji nyama huvaa aproni zenye milia ya pundamilia na kofia za ukindu. Milia hiyo ndiyo iliyomtia mwanangu shaka ya kwanza. Alinivuta mkono, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tutapewa pundamilia. Swali lake halikuwa la kipuuzi, kwa kuwa zamani nyama za porini kutoka kwenye mashamba yenye kibali zilikuwa sehemu ya sifa ya mahali hapo, hadi Kenya ilipopiga marufuku biashara hiyo. Siku hizi vitu vya ajabu vilivyobaki ni mamba na mbuni, ambao hufugwa. Vingine ni kuku, ng'ombe, kondoo, nguruwe, bata mzinga na jamaa zao. Nilimweleza hivyo, akatulia kidogo, ingawa neno mamba nilijuta kulitaja mapema.

Mhudumu wetu alikuwa mtu wa makamo, mwenye sauti nzito. Mwanangu alimwamkia, kama alivyofundishwa, "Shikamoo," na yule bwana akarudi nyuma hatua moja kama aliyepewa zawadi. "Marahaba! Hawa ni watu wa Tanzania, wamekuja na adabu zao zote. Mama, mmepita wapi, Namanga?" Nikamjibu kwamba ndiyo, tumevuka mpaka hapo kwa basi. Ndipo mwanangu, ambaye alikuwa ameandaa maneno yake tangu kwenye gari, akasema kwa pumzi moja: "Mimi sili vitunguu, sili nyama yenye mafuta, na sili kitu ambacho sikijui jina."

Nilimtazama mhudumu usoni, kwa sababu kule kwenye jahazi hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yeye hakucheka. Alichuchumaa hadi macho yake yakawa sawa na ya mtoto, akatoa kijitabu chake, akaandika. Kisha akasema, "Hata mimi sili kitu nisichokijua jina. Sasa sikiza. Umepita Namanga, umeona vile ofisa wa uhamiaji anafanya kazi. Leo wewe ndiye ofisa wa meza hii. Kila nyama ikifika, itajitambulisha. Ukisema ipite, inaingia. Ukisema hapana, inarudi kwao. Mama hawezi kukupinga, na mimi pia siwezi."

Na kweli ikawa hivyo. Baada ya supu na mkate, wakataji walianza kupita na sime zao, na yule mhudumu alikuwa amewanong'oneza, maana kila mmoja alisimama mbele ya mwanangu, akanyoosha mgongo na kutoa taarifa. "Naitwa Kuku, natoka Kiambu, nina mbawa mbili tu." Mtoto akamkagua. "Una vitunguu?" "Sina, mheshimiwa." "Pita." Bawa likashushwa kwenye sahani nzito ya chuma, ambayo huwa ya moto sana, kwa hiyo angalieni vidole vya watoto. Soseji ilikataliwa kwa kosa la kutojua vilivyomo ndani yake. Kondoo alirudishwa kwa sababu ya mafuta, na mkataji akaondoka akilalamika kwamba amesafiri kutoka mbali bila kupata huruma. Mwanangu akacheka hadi akashika tumbo. Sikuwa nimemwona akicheka hivyo mbele ya chakula asichokitaka. Kwa kawaida, chakula asichokitaka humfanya anyamaze.

Katikati ya meza huwekwa kisinia cha ngazi mbili kinachozunguka, chenye sosi na saladi, na kileleni mwake kuna bendera ndogo. Utaratibu wake wengi wanaujua: bendera ikiwa imesimama, nyama zinaendelea kuja, ukishindwa, unailaza, na wakataji wanaacha kukujia. Wageni wengi huichukua kama mashindano ya nani atakula zaidi. Mimi, nikiwa nimekaa na mtoto wangu, niliiona kwa namna nyingine kabisa. Mtoto mchaguzi wa chakula huchoshwa na kule kulazimika kukataa tena na tena kwa mdomo, mbele ya watu, na kila mara kueleza sababu, pengine kuliko anavyochoshwa na chakula chenyewe. Hapa kukataa kumewekewa chombo chake, kiko mezani kwa kila mtu, na hata mtu mzima mwenye kitambi atakitumia mwisho wa siku. Mwanangu alipoilaza bendera mara ya kwanza, ili apumzike na kiazi chake cha kuokwa, hakuna aliyemwuliza kitu. Alipoisimamisha tena baada ya dakika chache, wakataji walirudi kana kwamba hawakuondoka.

Wataalamu wa lishe ya watoto husema kwamba mtoto anaweza kuhitaji kukutana na chakula kipya mara nyingi, pengine kumi au zaidi, kabla ya kukikubali, na kwamba kumshurutisha humwongezea ukaidi. Nilikuwa nikilijua hilo kwa kulisoma. Pale mezani niliona namna linavyofanywa na mtu ambaye huenda kazi yake ndiyo iliyomfundisha. Donge la nyama ya kusaga ya mbuni lilipofika mara ya kwanza, mwanangu alisema, "Haingii," na mhudumu akajibu, "Sawa, narudi nayo Namanga." Hakuongeza neno, hakutoa uso wa kusikitika, hakunitazama mimi ili tusaidiane. Baada ya robo saa akarudi. "Mheshimiwa, huyu mbuni amepata hati mpya." Akakataliwa tena, akaondoka tena. Mara ya tatu mwanangu mwenyewe ndiye aliyeuliza, "Yule mbuni bado yuko mpakani?" Kikaletwa kipande kisichozidi ukucha wa kidole gumba, kikawekwa pembeni, mbali na kiazi, bila sosi. Alikinusa, akakigeuza kwa uma, akakila. Akasema kinafanana na kababu. Hakutaka kingine, na hakuna aliyempigia makofi. Namshukuru sana yule bwana kwa kutopiga makofi. Mamba alikataliwa hadi mwisho, nasi tukamwacha arudi kwao. Mimi nilimwonja, na nyama yake iko kati ya samaki na kuku.

Nimefikiri sana tofauti ya wahudumu wale wawili, wa jahazi na wa Langata, kwa kuwa wote walikuwa wanatania. Mama yangu ni Mzaramo, na nimekua nikiona utani wake na Wanyamwezi na Wasukuma, utani ambao watu huusimulia kuwa ni wa tangu enzi za misafara iliyotoka bara kuja pwani. Mtani anaweza kukusema mbele ya watu, anaweza kukunyang'anya kofia hata msibani, lakini ana mipaka yake, na juu ya yote ana wajibu: siku ya shida mtani huyo huyo ndiye anayefika na kushika kazi. Na utani una pande mbili, nawe una haki ya kumrudishia. Yule wa jahazi alitania akiwa nyuma ya mgongo wa mtoto, kwa jambo ambalo mtoto hakuwa na la kujibu, na aliwachekesha wengine. Huyu wa Langata alimtania mtoto kwa kumpa cheo, kisha akajishusha yeye na nyama zake chini ya cheo hicho, hata aliyechekwa zaidi pale mezani alikuwa kondoo. Sisi watu wazima tulipata sehemu yetu pia. Wifi yangu aliagiza dawa, kile kinywaji cha vodka na ndimu kinachokorogwa kwa kijiti kilichoviringishwa asali, na mchanganyaji akamwuliza kwa uso mkavu ugonjwa umeanza lini na kama ameandikiwa na daktari. Na mimi nilipomwambia mhudumu, "Naomba maji," akamgeukia mwanangu: "Ofisa, huyu mama anaomba. Huku kwetu tunasema leta. Apewe?" Mtoto akafikiri kidogo, akaniruhusu.

Wapo wanaopenda utani mkali zaidi. Huko Marekani, Dick's Last Resort, iliyoanzia Dallas mwaka 1985, imejijengea jina kwa wahudumu wenye ukorofi wa makusudi wanaowavisha wageni kofia ndefu za karatasi zilizoandikwa maneno ya kuwakejeli, na Karen's Diner, iliyoanzia Sydney, Australia, mwaka 2021, ilifuata njia hiyo hiyo. Mtu mzima anayejua anachokwenda kukinunua ana haki ya kukifurahia. Mtoto ambaye sahani yake tayari ni uwanja wa vita nisingempeleka.

Kwa atakayekwenda Carnivore na mtu wa aina ya mwanangu, awe mtoto au mume, nina machache ya kumweleza. Bei ni ya kichwa, haihesabu vipande, na ndani yake mna supu, nyama, saladi, kitu kitamu cha mwisho na kahawa. Kwa hiyo mtu anayekula aina mbili tu analipia pia zile alizozirudisha, na ni vyema ulikubali hilo moyoni kabla ya kuketi, usije ukaanza kumsukuma mtoto ale ili fedha irudi. Asiyekula nyama kabisa anaweza kuagiza vyakula visivyo na nyama. Asiyekula nguruwe aseme mwanzoni kabisa, kama alivyofanya wifi yangu, kwa sababu nguruwe hupitishwa kama nyama nyingine. Kwetu sime ya nguruwe ilizungushwa nyuma ya kiti cha wifi kila mara bila kukumbushwa. Wakataji huja haraka wakati meza ina njaa, na mtoto anayehitaji muda wa kuitazama sahani yake anaweza kuzidiwa, basi mfundisheni bendera mapema, kabla ya sime ya kwanza. Na kama kuna jambo ambalo mtoto wenu asingependa litaniwe, mwambieni mhudumu kando. Mimi sikufanya hivyo, na bahati ilikuwa upande wangu.

Tuliporudi Dar es Salaam, mwanangu alikata karatasi nyeupe, akaibandika kwenye kijiti cha mshikaki na kukichomeka kwenye kipande cha sabuni, akakiweka mezani kwetu. Tumekubaliana, mimi na baba yake, kwamba ikiwa imelala hakuna anayemwuliza kitu. Maharage yameshapita mpakani mara mbili, kijiko kimoja kimoja. Mchicha bado unasubiri hati.