Kutembelea boma la Wahimba karibu na Opuwo: chagua mwongozaji kabla ya kuchagua boma

Opuwo, makao makuu ya mkoa wa Kunene kaskazini-magharibi mwa Namibia, ndipo wageni wengi wanapoanzia safari ya kuwatembelea Wahimba, jamii ya wafugaji wa eneo hilo. Sisi tulimchukua mwongozaji ambaye mwenyewe ni Mhimba, na ubora wa ziara hii, ambayo naisifu bila kusita, ulitokana na yeye. Kabla ya kuondoka mjini alitupeleka dukani kununua unga wa mahindi, mafuta ya kupikia na sukari, na tulipofika aliingia peke yake kumsalimu mzee wa boma na kutuombea ruhusa, huku sisi tukisubiri nje.

Jambo la kwanza alilotuonya lilihusu okuruwo, moto mtakatifu ulio kati ya nyumba ya mzee na zizi la ng'ombe, ambao kwa huo mzee huzungumza na wahenga wake; mgeni hapiti kati ya moto huo na zizi. Kutoka hapo maelezo yalihamia kwenye koo, na hapa ndipo nilipojifunza mengi zaidi. Kila Mhimba ana koo mbili kwa pamoja: oruzo, ukoo wa baba, unaobeba moto na ibada zake, na eanda, ukoo wa mama, ambao kwa huo sehemu kubwa ya ng'ombe hurithiwa, hivi kwamba kijana hutazamia mifugo ya mjomba wake kuliko ya baba yake.

Ndani ya nyumba, mama mmoja aliyevaa erembe, kilemba cha ngozi cha mwanamke aliyeolewa, alisaga jiwe jekundu taratibu, akachanganya unga wake na mafuta ya maziwa kupata otjize, rangi nyekundu ya kujipaka mwilini, kisha akanipaka kidogo mkononi; rangi ilishika hadi siku iliyofuata. Baadaye aliweka makaa kwenye chombo, akatia utomvu wa kichaka kiitwacho omuzumba, akajifukiza nguo na mwili kwa moshi wenye harufu nzuri, kwa kuwa katika nchi kame kama ile wanawake huoga kwa moshi badala ya maji.

Kasoro ninayoiona ni mbili. Muda ulikuwa mfupi, na soko la bangili na shanga lilipangwa mbele yetu kabla mazungumzo na mzee kuhusu ukame hayajakamilika. Aidha, kundi jingine liliingia likipiga picha kabla hata ya kusalimu, na kiongozi wao hakulizuia, jambo lililowaudhi wenyeji waziwazi.

Anayetaka kwenda aulize mapema ni kiasi gani cha malipo kinachobaki bomani, aombe kufika asubuhi mifugo ikiwa bado zizini, na asikubali ziara isiyo na mtu anayezungumza Kiherero.