Nyota moja kwa ofisi ya mbunge wetu

Ofisi ya mbunge wa jimbo letu, huku vijijini Tabora, naipa nyota moja. Sababu ni katibu wake na barua moja.

Barua ilihusu boma la zahanati. Wanakijiji walifyatua tofali, wakazichoma, wakachangishana saruji na nondo mpaka kuta zikafika kwenye lenta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Hapo nguvu zikaishia. Boma lisilopauliwa halisubiri mtu. Mvua za Novemba zikishika, maji yanaingilia juu ya kuta, tope lililounganisha tofali linalegea, nondo zilizoachwa wazi zinashika kutu na kupasua lenta. Misimu miwili tu ya hivyo, unabomoa kozi za juu na kuanza upya kwa hela ambayo haipo.

Mwenyekiti wa kijiji aliishika barua kwa mikono miwili. Katibu, kijana wa umri wa mjukuu wake, hakumpa hata shikamoo. Macho kwenye simu. "Mzee, watu wa huko mnapenda sana kuomba. Mheshimiwa hana hela za kugawa."

Mzee akamjibu taratibu: "Mwanangu, hatujaja kuomba. Hela ya mfuko ni ya jimbo."

Barua ikasukumwa chini ya daftari la wageni. Haikugongwa muhuri, haikupewa namba.

Na mzee alikuwa sahihi kabisa. Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo uko kwa sheria ya mwaka 2009. Fedha inatoka serikalini na inapitia halmashauri. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati ya mfuko, na afisa mipango wa halmashauri ndiye katibu wa kamati hiyo. Mkutano mkuu wa kijiji unapitisha mradi, mtendaji wa kijiji anaandika muhtasari na kuambatanisha mahudhurio yenye sahihi, Kamati ya Maendeleo ya Kata chini ya diwani inaupitia, ndipo unakwenda wilayani. Kitu kinachoangusha maombi mengi ni muhtasari usio na mahudhurio, au barua kuachwa mikononi mwa mtu badala ya masijala, ofisi inayopokea na kutunza barua. Ukienda, beba nakala mbili na usiondoke mpaka yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe. Ofisi ya mbunge ingekuwa inawahudumia wapiga kura, maneno haya yangebandikwa mlangoni kwake. Kilichobandikwa ni picha ya Mheshimiwa.

Baada ya kufuatilia sana, mabati 60 ya mfuko yakaja. Watu walishangilia, na mimi nilifurahi pia. Lakini paa la zahanati ile ni kama mita za mraba 240, na bati la mita 3 likishalaliwa na mwenzake linafunika mita za mraba mbili na kidogo. Sitini hazifiki mbali zaidi ya nusu. Mbao za kenchi hazikuletwa, misumari haikuletwa, wala kofia za paa. Kama kamati ingemtuma fundi apime kwanza, au ingesoma makadirio yaliyokuwa ndani ya barua ileile, isingetokea. Mabati yamelazwa ofisini kwa mtendaji, na mama mjamzito bado anapakiwa kwenye bodaboda kwenda kata ya jirani.

Nisimwonee mbunge. Kwenye mkutano wa bajeti alisimama bungeni Dodoma akaiulizia zahanati hii kwa jina la kijiji, akaongeza na maswali mawili ya nyongeza. Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na siku ile aliifanya. Nilitaka kumpandisha hadi nyota tatu. Jibu la serikali likawa lile tulilolizoea, kwamba itaendelea kutenga fedha kadiri ya upatikanaji wake. Akashukuru, akakaa. Yeye pia ni mjumbe wa baraza la madiwani, pale ambapo bajeti ya halmashauri inapitishwa, na pale zahanati yetu hakuitaja. Nyota zile nazirudisha.

Kinachoniumiza ni kwamba hatuna la kumfanya kabla ya miaka mitano. Katiba inamvua ubunge akikosa mikutano mitatu mfululizo ya Bunge bila ruhusa ya Spika, lakini akitukosa sisi hakuna kinachomgusa. Rasimu ya katiba mpya iliyoandaliwa na Tume ya Jaji Warioba ilitaka wapiga kura waweze kumwondoa mbunge kabla ya muda. Kipengele hicho kiliondolewa kwenye Bunge Maalum la Katiba mwaka 2014, na wengi waliokaa humo walikuwa wabunge.

Barua ya pili imekwenda masijala ya halmashauri, ikiwa na mahudhurio na makadirio ya mbao. Nakala yenye muhuri anayo mwenyekiti.