Niliruka kutoka mlima wa Chimala, lakini ile selotepu siisahau

Nilisema nisiandike nikiwa na hasira. Wiki zimepita na hasira iko palepale, basi naandika hivyohivyo.

Mimi ni fundi cherehani hapa Mwanjelwa, Mbeya mjini. Sare za shule nashona, ila kinachonilisha hasa ni maturubai, mahema ya shughuli na viti vya daladala. Nailoni naitambua kwa vidole, hata taa ikizimika. Mdogo wangu wa kiume ndiye aliyenilipia kuruka na lile parashuti la mlimani, wenyewe wanaliita paraglaidi: abiria unafungwa mbele kwenye kiti cha mikanda, rubani yuko nyuma yako, bawa la kitambaa liko juu yenu. Kundi lenyewe silitaji jina. Bei na uzito wa abiria waulizeni wao, hapo hawana shida.

Ilikuwa kiangazi, mwezi wa nane au wa tisa. Tulitoka Mbeya alfajiri, Uyole baridi ya kukata masikio, Chimala tukanywa chai, halafu tukaianza barabara ya Matamba, ile yenye kona 57. Mdogo wangu alikuwa anazihesabu, kichefuchefu kikamkamata kabla hajafika katikati. Ukifika juu unaliona bonde la Usangu lote limelala chini, kahawia tupu, na pepo za kisulisuli zinatembea na vumbi lake huku na huku.

Tulisubiri kwa muda wa karibu saa nne. Hilo silalamikii, na wanaolilalamikia nadhani hawakuelezwa. Asubuhi ile upepo ulikuwa unatoka mgongoni, unashuka kutoka upande wa Kitulo, kwenye nyanda za juu, na bawa lile halirushwi upepo ukiwa mgongoni, lazima ukutane nao uso kwa uso. Ule ukuta wa mlima unatazama kaskazini, na miezi hiyo jua letu la huku kusini liko upande wa kaskazini. Likishaupasha mteremko, hewa ya bondeni inaanza kupanda, na hapo ndipo watu wanaruka. Haya yote hakuniambia rubani. Aliniambia kijana msaidizi, Mkinga wa huko huko milimani, aliyenipokea kwa shikamoo na kunitafutia jiwe la kukalia lenye kivuli.

Abiria wa kwanza alikuwa mwanafunzi mmoja. Wakakimbia, abiria akakaa kabla miguu haijaacha ardhi, rubani akasimamisha zoezi. Sawa, afadhali hivyo. Lakini bawa likaanguka pembeni juu ya kichaka cha miiba, na yule rubani akalivuta. Akalivuta kwa nguvu, jamani, kama mtu anayeng'oa shuka kwenye kamba mvua ikianza! Niliisikia ile sauti. Fundi yeyote anaijua sauti ya kitambaa kinachochanika, huwezi kuichanganya na kitu kingine.

Mchaniko ulikuwa na urefu wa kidole changu cha kati, upande wa chini wa bawa, karibu na nyuma. Rubani akautazama, akaenda kwenye gari, akarudi na selotepu. Ile ya kahawia ya kufungia maboksi. Akaanza kuibandika juu ya kitambaa chenye vumbi, bila hata kukifuta.

Nikasogea, nikamwambia kwa adabu, "Kaka, samahani, gundi ya hiyo ikipata jua inayeyuka, na yenyewe haivutiki pamoja na nailoni. Hamna kiraka cha kitambaa chenyewe?"

Hakuinua hata macho. "Mama, hili siyo gauni. Umekuja kama mteja, kaa kama mteja."

Watu wakacheka. Mdogo wangu akainamisha kichwa. Nina miaka zaidi ya ishirini kwenye cherehani, nimelea watoto kwa uzi na sindano, halafu mtu anayekwenda kunibeba hewani kwa kitambaa ananiambia mambo ya kitambaa hayanihusu. Nilikwenda kwenye begi langu nikiwa nimeshaamua kushuka zile kona zote kwa miguu kama gari halipo.

Yule kijana ndiye aliyenirudisha. Hakubishana na bosi wake. Alisubiri rubani aende kupokea simu, akaibandua selotepu taratibu, akalitandaza bawa juu ya blanketi kwenye kivuli cha gari, maana jua, alisema, ndilo linalokula kitambaa hiki kuliko kitu chochote. Akafuta vumbi, akafuta na mabaki ya gundi. Akazikutanisha kingo za mchaniko zigusane tu, bila kuvutana. Kisha akatoa karatasi ya viraka vyenyewe, nailoni nyembamba yenye vimraba vya uzi mnene, ule unaozuia mchaniko usiendelee, na nyuma ina gundi yake. Akakata viwili, pembe zote akazizungusha kwa mkasi. Kimoja ndani, kimoja nje, cha ndani kikubwa kidogo ili kingo zisiangukie mstari mmoja. Akavisugua kwa mgongo wa kijiko.

Nikamuuliza mbona hashoni. Mimi ningeshona, na hapo ningekosea. Akanijibu kila tundu la sindano ni mahali pengine pa kupitisha hewa, kwa mchaniko mdogo hivi kiraka kinatosha. Lakini ungekuwa umekata mshono, au umefika pale kamba inapofungwa, "mama, leo tungeshuka na gari, bawa lingekwenda karakana." Halafu akazishika kamba za upande ule moja moja, akazilinganisha na zile za upande wa pili, kuhakikisha hakuna iliyovutika. Nikapitisha vidole kwenye kile kiraka. Sikupata pa kukosoa.

Kwa hiyo nilipanda. Na hapa lazima niseme haki: yule rubani anajua kazi yake hewani. "Kimbia, usikae," nikakimbia mpaka ardhi ikaisha chini ya viatu. Hakuna injini, hakuna kelele, ni upepo tu kwenye kamba. Akamfuata tai mmoja aliyekuwa anazunguka, tukaingia kwenye hewa ile ya moto, ikatunyanyua mpaka zile kona za Matamba zikawa kama uzi uliomwagika mezani. Niliiona reli ya TAZARA, niliona malori kwenye barabara kuu ya Tunduma, madogo kama punje za mpunga. Nililia. Kama angeniuliza pale juu ningempa nyota zote tano na kumsamehe kila neno.

Tukatua kwenye shamba lililovunwa, laini kabisa. Watu wakaja kupiga picha, na mmoja akakiona kiraka, akauliza nani amekiweka, kimekaa vizuri mno.

"Nimekiweka mwenyewe asubuhi," rubani akasema.

Kijana yuko juu mlimani anakunja vitu, hayupo kujitetea. Nikasema, "Siyo kweli, wewe uliweka selotepu." Akanitazama, akageuka, akaanza kuhesabu mikanda yake. Samahani hakuisema, wala kwaheri hakunipa.

Basi tathmini yangu nimeibadilisha mara tatu nikiwa naandika. Nilianza na moja. Nilipofika kwenye yule tai nikaweka nne. Sasa naweka mbili, na zote mbili ni za kijana. Ukienda, nenda, mlima hauna kosa. Ila kabla hujafungwa mkanda, omba kuliona bawa lote, juu na chini. Ukiona rangi ya kahawia ya boksi, fungua mkanda ushuke, hata kama wamekwishakula hela yako. Na kama kijana yumo siku hiyo, mwambie kwamba yule mama wa Mwanjelwa bado anayo nafasi ya fundi kwenye mashine ya pili, akichoka kutukanwa.