Kuzuia simu za usumbufu na utapeli: nilichokiacha kwenye simu ya mama na nilichokizima

Habari za wakati huu, mtazamaji. Miezi miwili iliyopita mama yetu, anayeishi Muheza, alipigiwa simu na mtu aliyejitambulisha kuwa ni mwalimu, akaambiwa kuwa mjukuu wake ameanguka shuleni, amekimbizwa hospitalini, na kwamba zinahitajika shilingi laki mbili kabla daktari hajaanza kazi. Alikuwa ameshafika kwa wakala na fedha zikiwa mkononi, ndipo wakala mwenyewe alipomsihi ampigie kwanza mzazi wa mtoto. Mtoto alikuwa darasani, mzima kabisa. Kuanzia siku hiyo nimetumia wiki saba kujaribu njia za kuzuia simu za namna hiyo, kwenye simu yangu ya Android, kwenye iPhone ya mdogo wangu na hatimaye kwenye simu ya mama, na leo ninakuletea nilichokiona.

Naomba nieleze mapema kipimo nilichotumia, kwa sababu kinatofautiana na kile utakachokikuta kwenye chambuzi nyingi. Sikuhesabu programu imezuia simu ngapi, kwani kuzuia ni kazi rahisi. Hata kuzima simu ni kuzuia. Nilitazama ni simu ngapi za maana zilizonifikia zikitoka kwenye namba nisiyoifahamu. Huku kwetu namba ngeni si lazima iwe ya mtu mgeni: ni ya bodaboda aliyebeba mzigo wako na hapaoni nyumbani kwako, ya kondakta wa basi anayekuambia kuwa kifurushi kimeshafika Mbezi, ya shangazi aliyeishiwa chaji akaazima simu ya jirani, au ya muuguzi anayepiga kwa simu yake binafsi. Mwaka juzi niliwahi kuwasha kipengele kinachonyamazisha namba zote zisizohifadhiwa, na nikakosa simu tatu mfululizo kutoka wodini alikolazwa baba yangu mdogo. Aliyekuwa akinitafuta alitaka niende kuchangia damu. Nilifika jioni, na ninamshukuru Mungu kwamba ndugu mwingine alikuwa amewahi.

Nianze na kilichomo ndani ya simu za Android tayari. Tangu Android 7 iliyotoka mwaka 2016, uwezo wa kuzuia namba umo katika mfumo wenyewe: unabonyeza namba kwa muda kwenye orodha ya simu zilizoingia, unachagua kuzuia, na namba hiyo haitakupigia wala kukutumia ujumbe mfupi wa kawaida. Lifahamu jambo moja, kwamba orodha hiyo inakaa kwenye simu na si kwenye laini, hivyo ukiihamishia laini kwenye simu nyingine, hasa kitochi, waliozuiwa wanarudi. Kwenye orodha hiyohiyo ya namba zilizozuiwa kuna kitufe cha kuzuia wapigaji wasiojulikana, na hapo watu wengi hukosea, kwa kudhani kuwa kinawazuia wote wasiohifadhiwa. Kwenye programu ya simu ya Google kitufe hicho kinawazuia wale tu wanaoficha namba yao. Kwa maoni yangu kiwashwe, kwa kuwa ndugu, muuguzi au dereva anayekuhitaji kwa dhati hana sababu ya kuificha namba.

Programu hiyo ya Google ina vitufe vingine viwili vinavyostahili kutofautishwa. Cha kwanza kinatambua: simu inaita kama kawaida, lakini kioo kinakuonya kuwa namba hiyo inashukiwa. Cha pili kinachuja: simu inayoshukiwa haiiti kabisa, hupati hata taarifa kwamba ilikukosa, na utaikuta tu ukifungua historia ya simu. Nilikiwasha cha kwanza na kukiacha cha pili, kwa sababu ile niliyoieleza, kwani nataka kuonywa na kisha niamue mwenyewe. Samsung nao wana ulinzi wao unaofanana na huo, uliounganishwa na Hiya, huduma ya kutambua wapigaji, na unaupata kwenye mipangilio ya programu ya simu. Ukitumia wa Google, ujue kwamba simu yako inaweza kupeleka Google taarifa za simu unazopigiwa.

Sasa tufike kwenye Truecaller, ambayo ndiyo iliyonichukulia muda mwingi zaidi, na ndiyo ambayo wengi wenu mmeniuliza. Ni programu ya Sweden, iliyoanzishwa mwaka 2009 jijini Stockholm na Alan Mamedi na Nami Zarringhalam, na nguvu yake iko katika kanuni moja rahisi: mtu mmoja akiripoti namba kuwa ni ya tapeli, wengine wote wanaoitumia wanaonywa. Namba ya kampuni ya kubashiri inayopiga watu elfu kwa siku inakamatwa upesi, na zile za kuuza bima au viwanja vivyo hivyo. Kwa usumbufu wa aina hiyo ninaipa alama za juu bila kusita, kwa kuwa ndani ya siku chache za mwanzo nilikuwa ninajua nisipokee ipi kabla sijainua simu mezani.

Tatizo linakuja kwa tapeli wa aina aliyempigia mama. Huyo hatumii namba maalumu. Anatumia laini ya kawaida yenye namba kumi kama yako na yangu, anaipiga siku mbili au tatu, kisha anaitupa. Namba inapokuwa imeripotiwa na watu wa kutosha, mwenyewe ameshahamia nyingine. Usajili wa laini kwa alama za vidole, ulioanza mwezi Mei 2019 hapa Tanzania, ulikusudiwa kuufunga mlango huu, na umesaidia. Lakini zipo laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu asiyejua, na wanaoumia kwa hilo ni wawili, aliyetapeliwa na aliyetumiwa jina. Kwa hiyo ukiona namba imekuja bila onyo lolote, usichukulie kwamba ni salama. Maana yake ni kwamba bado hakuna aliyeilalamikia.

Kuna pia suala la jina. Jina unaloliona Truecaller si jina la usajili. Ni jina ambalo watu wamempa mwenye namba au alilojiandikia mwenyewe, na kwa miaka mingi chanzo kimojawapo cha majina hayo kilikuwa orodha za namba zilizohifadhiwa kwenye simu za watumiaji. Ndiyo sababu unaweza kukuta umo humo kama Mama Asha Genge hali hukujiunga kamwe, na ndiyo sababu tapeli anaweza kujiandika jina la heshima. Ukitaka namba yako iondolewe, kampuni ina ukurasa wa kuomba kuondolewa kwenye tovuti yake, ila kama una akaunti lazima kwanza uifunge. Ninaheshimu kazi yao, lakini programu inayoomba kuona simu zako, ujumbe wako na namba za ndugu zako inastahili kusomwa masharti yake kabla ya kukubaliwa, na ruhusa usiyoona haja yake uikatae.

Watu wetu wana njia yao ya kujua jina la usajili, na nilishangaa kuona inavyozishinda programu nyingi kwa uhakika. Unafungua M-Pesa, Airtel Money au Mixx by Yas kana kwamba unatuma fedha, unaweka namba unayoitilia shaka na kiasi kidogo, na kabla ya kuweka namba ya siri jina la mwenye laini linatokea. Hapo unaghairi. Aliyejiita mwalimu wa kike akiwa amesajiliwa kwa jina la mwanamume wa ukoo usioujua, umeshapata jibu lako. Kenya wanalifahamu jambo hili kwa jina la Hakikisha. Lisitumiwe kuchungulia majirani, lakini kwa mtu anayekudai fedha kwa haraka ni haki yako kumjua.

Kwa wenye iPhone, kipengele cha kunyamazisha wasiojulikana kilikuja na iOS 13, yaani toleo la 13 la mfumo wa iPhone, mwaka 2019, na hiki kweli kinawanyamazisha wote wasio kwenye orodha yako, isipokuwa namba uliyoipigia karibuni na chache ambazo simu imezipata kwenye ujumbe au barua pepe zako. Sikipendekezi kwa mtu mwenye mgonjwa, mwenye biashara au mwenye mtoto shuleni. Katika iOS 26 ya mwaka 2025 Apple waliongeza njia ya katikati, ambapo simu yenyewe inampokea mgeni, inamuuliza jina na sababu ya kupiga, kisha inakuandikia majibu usome kabla ya kupokea. Wazo ni zuri na ninatamani lifanye kazi kwetu, lakini Kiswahili hakimo miongoni mwa lugha zake, na mzee wa kijijini akisalimiwa na mashine kwa Kiingereza atakata, akiamini amekosea namba. Truecaller nayo ilifikisha utambuzi wa papo hapo kwenye iPhone mwezi Januari 2025, na ulipozinduliwa ulikuwa kwa wanaolipia.

WhatsApp sina mengi ya kusema. Tangu Juni 2023 ina kitufe cha kunyamazisha wapigaji wasiojulikana, ndani ya mipangilio ya faragha, upande wa simu. Kiwashe leo. Muuguzi na bodaboda watakupigia kwa laini ya kawaida, na simu ikinyamazishwa bado utaiona kwenye orodha.

Simu inayoita mara moja na kukata kutoka nchi usiyo na ndugu usiipigie. Wajapani wameuita mchezo huo wangiri, yaani ita mara moja ukate, na fedha yake inapatikana pale wewe unapopiga kurudisha, kwa sababu sehemu ya gharama unayokatwa inamwendea aliyekubipu. Sisi tuliozoea kubipiana tunanaswa kirahisi zaidi.

Na wale wa mikopo ya mtandaoni, wanaokupigia kukudhalilisha kwa deni la mfanyakazi mwenzako, walizipata namba zenu pale mkopaji alipoiruhusu programu isome orodha yake. Google ilizipiga marufuku programu za mikopo kusoma namba za watu kuanzia Mei 31, 2023, lakini inayopakuliwa kwa kiungo nje ya Play Store haibanwi na katazo hilo. Mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza majukwaa na programu 69 zinazokopesha bila leseni. Ukipigiwa na kampuni ya namna hiyo, kuzuia namba moja hakutoshi, kwani watapiga kwa nyingine. Andika tarehe, hifadhi ujumbe wao, na upeleke malalamiko Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, maana sheria ya mwaka 2022 inakulinda hata kama hukukopa wewe.

Nikaenda Muheza na simu ya mama nikaipanga hivi. Nimewasha utambuzi wa wapigaji wanaoshukiwa, nimezima uchujaji wa kimyakimya, nimewazuia wanaoficha namba, na Truecaller sikumwekea, kwa sababu matangazo yake yangemchanganya na maonyo yake asingeyasoma bila miwani. Usiku simu inaingia kwenye hali ya Usisumbue, ambayo inawaruhusu waliohifadhiwa pekee, lakini nimeacha wazi ruhusa ya anayerudia, hivyo kwenye Android mtu akipiga mara mbili ndani ya dakika 15, simu ya pili inaita. Kwenye iPhone muda huo ni dakika 3. Namba ya mwalimu mkuu halisi nimeihifadhi, pamoja na za wodi, za bodaboda wawili wa mtaani na ya yule wakala.

Tulibonyeza pia *106#, tukahakikisha kuwa hakuna laini ya mtu mwingine iliyosajiliwa kwa kitambulisho chake cha NIDA. Kisha nikamfundisha kupeleka namba ya tapeli kwenda 15040, ambayo ni namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania. Kwa wateja wa Safaricom wa Kenya, ujumbe wa kitapeli unapelekwa 333. Ya kwanza aliituma mwenyewe, akibonyeza tarakimu moja moja huku akizitamka kwa sauti, na ilikuwa ile ya yule mwalimu.