TAHADHARI kwa mnaouza pikapu na malori madogo: kuna jamaa wawili wanakuja na oili mfukoni

Jamani someni hii hadi mwisho, hasa wewe ambaye umeshabandika tangazo la gari lako la kazi na unasubiri simu. Naandika nikiwa na hasira mpaka vidole vinatetemeka, na aibu ipo pia, maana mimi nimeshika usukani wa magari ya mizigo utu uzima wangu wote halafu leo ndiyo wa kusimuliwa hivi. Wanaonijua wanaijua ile pikapu, wanajua imebeba nini na imejenga nini, na wanajua kwa nini ilibidi iuzwe sasa hivi, hilo sirudii. Ninachosema ni kwamba nimeibiwa. Nimeibiwa mchana kweupe, nyumbani kwangu, nikiwa nimekaa siti ya dereva, na wezi wenyewe shemeji yenu kawakaribisha maji ya kunywa.

Mjue kwanza gari lenyewe lilikuwa kwenye hali gani. Dizeli, injini haijafunguliwa tangu niinunue, sevisi zote zimeandikwa kwenye daftari, taimingi belti nimebadilisha kwa wakati, klachi haitelezi, tairi za nyuma karibu mpya. Bodi ina mikwaruzo ndiyo, gari la kazi lisilo na mikwaruzo ni gari lililokuwa limelala, lakini chesisi ni safi, haina kutu wala pachi ya kuchomelea. Sijawahi kuliona likichemsha hata kwenye mlima na mzigo. Nilikaa nikaangalia watu wanauzaje magari ya mwaka ule na aina ile, nikaweka bei ya katikati, na nikaacha nafasi kidogo ya kupunguza kwa sababu mnunuzi lazima apunguziwe ndiyo aondoke na furaha. Hiyo bei ilikuwa halali kabisa.

Simu zikaanza. Wengi wababaishaji tu, "bei ya mwisho ngapi" hata hajauliza gari liko wapi. Huyu mmoja akawa tofauti, na hapa ndipo nataka mnielewe kwa nini nilimwamini, kwa sababu najua wapo watakaosema mbona ulimruhusu. Huyu mtu alipiga simu kwa heshima, akajitambulisha, akauliza maswali ya mtu anayejua kazi. Aliuliza pampu ya dizeli imewahi kuguswa? Nozeli je? Gia ya pili inaingia vizuri injini ikiwa baridi? Akaniambia "kaka, naomba usiliwashe kabla sijafika, nataka nilikute baridi nisikie linavyowaka." Sasa niambieni nyie, tapeli gani anaongea hivyo? Ukinunua gari la zamani ndivyo inavyotakiwa, mimi mwenyewe ndivyo ninavyowafundisha vijana, gari lililopashwa moto kabla hujafika lina siri. Nikasema leo nimepata mnunuzi wa kweli.

Akaja na kijana, akasema ni fundi wake. Mtu mzima, nguo safi, viatu vya kazi. Akampa mama shikamoo, akaulizia afya yake, akakaa. Hakukimbilia gari. Alipoanza kukagua alikagua kweli, akalala chini kabisa akagonga chesisi kwa bisibisi, akaangalia spring za nyuma, akaniambia "kaka umelitunza hili gari, hongera." Kweli niliona raha. Yule kijana akafungua boneti, akavuta kipimo cha oili, akakifuta, akakirudisha, akavuta tena akanionyesha, oili iko kwenye alama. Tukaliwasha, likawaka mara moja. Tukatoka nalo barabarani mimi na yule mkubwa, tukapanda kilima, tukarudi, geji ya joto haijasogea. Kila kitu kizuri. Nawaambia hadi hapo nilishaanza kupiga hesabu ya hela kichwani.

Sasa sikilizeni hapa kwa makini, kwa sababu wizi wote ulifanyika kwenye dakika chache.

Tumerudi, gari limezimwa. Mkubwa akaniambia, "kaka, ingia ndani utusaidie kukanyaga breki, tuone taa za nyuma." Kitu cha kawaida kabisa, kila mtu anafanya. Nikaingia. Kijana yuko mbele, boneti iko juu. Kaeni kwenye gari lenu boneti ikiwa imenyanyuliwa halafu muone mnachokiona: hakuna. Kioo chote cha mbele ni bati la boneti kwa upande wa ndani, imebaki nafasi nyembamba tu pale chini karibu na waipa, na kwenye ile nafasi nilikuwa naona kipande cha shati la bluu la yule kijana kinasogea kushoto, kinasimama, kinarudi kulia. Ndiyo hivyo tu. Mkubwa yuko nyuma anapiga kelele "kanyaga... achia... kanyaga tena, washa indiketa ya kulia... sasa rivasi." Mimi natii tu, macho kwenye kioo cha pembeni, namwona ameinama usawa wa bampa. Nikajua anaangalia taa ya chini. Taa ya chini! Pale chini kuna bomba la ekzosi, ndugu zangu. Alikuwa anaminyia oili ndani ya ekzosi huku ananiamrisha nikanyage breki.

Akasema "haya washa." Nikawasha. "Piga resi kidogo." Nikapiga. Nikaona moshi kwenye kioo. Moshi mzito, wa bluu-bluu, unatoka kwa nyuma unapanda juu ya bodi. Nikashuka mbio. Gari langu halijawahi kutoa moshi ule tangu nilijue. Yule mkubwa amesimama mbali kidogo, mikono kiunoni, anatikisa kichwa kwa huruma, haongei. Kijana kutoka mbele anaita, "bosi njoo uone huku." Tukaenda. Amefungua kifuniko cha kile kichupa cha maji ya rejeta. Akachovya kidole, akakitoa, kinateleza, cheusi. Oili kwenye maji. Akasema kwa sauti ya chini, "gasketi ya hedi imekwisha hii. Na huo moshi, pistoni ringi nazo."

Kwa msiojua injini, gasketi ya hedi ndiyo inayozuia oili na maji visikutane, na pistoni ringi ndizo zinazozuia oili isipande ikaungua. Nikaishiwa maneno. Sikuwa na la kubishana nalo maana nimeona kwa macho yangu, moshi nimeuona, oili nimeigusa. Na kila anayejua injini anajua oili ikiingia kwenye maji hiyo ni habari mbaya, kufungua hedi, pengine hedi yenyewe imepinda ikachongwe, na usipokuwa na bahati injini nzima. Fundi wangu wa siku zote siku hiyo alikuwa safarini hapatikani. Ningemuuliza nani?

Yule mkubwa hakunishambulia. Ningekuwa nimeshambuliwa ningeshtuka. Alinifariji! "Kaka, haya mambo yanatokea, hukujua, naona huna nia mbaya." Akakaa kimya. Akamuuliza kijana, kutengeneza itagharimu kiasi gani, kijana akataja hela kubwa kwa kujiamini kabisa kama daktari wa hospitali. Mkubwa akasema basi hawezi, akaanza kuelekea kwenye gari lao. Akageuka. "Labda kama utanipa kwa bei ya vipuri, nikajaribu bahati yangu." Akataja kiasi chini ya nusu. Nikakataa. Akaniambia sawa, lakini ukimuuzia mwingine bila kumwambia hili tatizo tulilolijua leo, utakuwa umemtapeli. Yaani mwizi ananikumbusha uaminifu! Na mimi kweli siwezi kumuuzia mtu gari bovu nikanyamaza. Akaongeza kidogo. Mkataba alikuwa nao tayari kwenye bahasha, umeandikwa vizuri, "gari limeuzwa kama lilivyo." Hela akalipa palepale, zote. Wakaja na mwenzao mwingine wakalivuta kwa kamba, wakasema wasiliwashe lisije likafa kabisa njiani. Mchezo hadi mwisho.

Fundi wangu aliporudi nikamsimulia. Hakunijibu, akaanza kuniuliza maswali. Maji yalikuwa yanapungua? Hapana. Lilikuwa linachemsha? Hapana. Ukifungua kifuniko cha oili kuna utando mweupe? Hapana, na kipimo cha oili kilitoka safi mbele ya macho yangu. Mapovu kwenye maji injini ikiunguruma? Hapana. Akaniuliza, ile oili kwenye maji ilikuwa imechanganyika au inaelea? Nikakumbuka kile kidole. Ilikuwa inaelea. Nyeusi, safi, juu ya maji. Akashika kichwa. Akaniambia gasketi ikifa kweli na oili ikapita kwenye maji, pampu inavipiga pamoja vinakuwa rojo zito la rangi ya maziwa na kahawia, linaganda kwenye kifuniko na kwenye mipira ya rejeta. Oili inayoelea peke yake imemiminwa sasa hivi. Na hata ungeikuta imechanganyika, akasema, bado kwenye dizeli inaweza kuwa ni kipozea oili tu kimetoboka, hedi haina kosa. Moshi nao ni hivyohivyo, oili iliyowekwa kwenye ekzosi ya moto inaungua, ikiisha moshi unaisha, ungeacha gari liungurume kidogo ungekuta pamekauka.

Kama hiyo haitoshi, watoto wakaokota kichupa nyuma ya ndoo za bustani, kile chenye mdomo mwembamba wa kuminya, ndani kimebaki na oili nyeusi. Ninacho.

Na kama hiyo nayo haitoshi, gari langu nikalikuta linatangazwa. Kibonyeo kilekile kwenye mlango wa kushoto, sanduku la vifaa nililochomelea mwenyewe nyuma ya kebini liko palepale. Maelezo: "injini haijaguswa, haina moshi, ingia barabarani." Bei wameweka juu kuliko niliyoomba mimi!

Sasa mtu kama huyu afanyweje? Mimi nasema afungwe. Asilipishwe faini akaenda zake, afungwe, na kijana wake naye afungwe, na anyang'anywe kila gari alilopata kwa njia hii. Nilikokwenda kushtaki nimeambiwa umesaini mwenyewe na umepokea hela. Nimesaini ndiyo, nimesaini kwa uongo waliouminya kwenye gari langu! Mtu akiharibu mali yako makusudi ili ainunue kwa bei ya kutupa, huo ni udanganyifu na ni jinai, sitaki kusikia habari ya "biashara ni maelewano." Kuna familia zinategemea gari moja, likiuzwa vibaya ndiyo basi. Hawa watu wanajua hilo na wanakuja na shikamoo. Picha zao ningekuwa nazo ningezibandika kwenye kila nguzo.

Mnaouza, angalieni basi. Wanakuja wawili au zaidi, mmoja mbele mmoja nyuma, na wewe wanakutafutia kazi ya kukuweka ndani ya kebini au ndani ya nyumba, "lete kadi tuione," "kanyaga breki." Boneti ikiwa wazi simama hapo hapo, breki akakanyage yeye. Kaa na mtu wako pembeni anayeshinda nyuma ya gari. Piga picha ya maji ya rejeta na ya kipimo cha oili kabla hawajafika, video inayoonyesha ekzosi haitoi moshi ndiyo bora zaidi. Ubovu ukitokea ghafla mbele ya mnunuzi, usiuze siku hiyo, mwambie arudi kesho, na gari lipelekwe kwa fundi wako apime kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo ndani ya silinda, kuna na ile dawa ya bluu ya kupima kama gesi ya injini inaingia kwenye maji, inabadilika rangi kama gasketi imekufa kweli. Mnunuzi wa kweli kesho atarudi. Mkataba uliokuja umeshaandikwa "kama lilivyo" kabla hata hajaliona gari, huo pekee unatosha kumfukuza.

Kama umeuziana na watu hawa, au walikuja kwako ukawakatalia, nitumie ujumbe wako na picha ya mkataba wao. Nimeshapata mtu mwingine mwenye mkataba wenye maneno yaleyale, na herufi ileile iliyokosewa kwenye mstari wa pili. Tukiwa wengi tunapeleka malalamiko kwa pamoja, na safari hii hawataniambia nimesaini mwenyewe. Na ukiiona hiyo pikapu kwenye matangazo, usimpigie kumtukana atalificha, piga picha ya skrini unitumie mimi kwanza.