Vidonge vya "bakteria rafiki" kwa wenye sukari: gesi imepungua, ganzi iko palepale

Mdogo wangu wa Dar ndiye aliyeniletea, kwa nia njema kabisa. Namezea sukari metformini, gramu moja asubuhi na moja jioni, ni miaka sasa, na nyayo zangu zimeingia ganzi. Muuzaji kamwambia kwamba dawa ya sukari inamaliza mwilini vitamini B12, ile inayolinda neva (mishipa ya fahamu) tusipate ganzi, na bakteria hawa wanaitengeneza upya humohumo tumboni. Kichupa shilingi 45,000, vidonge 30. Vimeisha, sasa niseme.

Nianze na sifa. Gesi imepungua. Anayemeza metformini anaujua ule mngurumo unaokushika katikati ya msiba, watu wametulia. Dawa yenyewe hubadili bakteria wa utumbo, wengine huongezeka na wengine hupungua, kwa hiyo siwezi kusema vidonge hivi ni bure kabisa.

Sasa hiyo B12. Nusu ya maneno ya muuzaji ni kweli: metformini huzuia B12 isifyonzwe vizuri. Mwaka 2022 mamlaka ya dawa ya Uingereza ilitangaza kuwa upungufu huu ni athari ya kawaida, hasa kwa wenye dozi kubwa na waliotumia muda mrefu. Ini huweka akiba ya miaka, ndiyo maana mtu hashtuki mapema.

Nusu ya pili ni biashara. B12 hufyonzwa mwishoni mwa utumbo mwembamba. Bakteria wanaoitengeneza wamejaa kwenye utumbo mpana, huko chini, pa kufyonzea pameshapitwa. Wakitengeneza, karibu yote inaishia chooni. Sungura hula kinyesi chake akaipata tena huko. Ng'ombe yeye bakteria wake wako kwenye tumbo la kwanza, kabla ya utumbo, ndiyo maana maini na maziwa yana B12. Binadamu hakupangiwa hivyo. Tena bakteria wakizidi kwenye utumbo mwembamba, wanaila B12 kabla hujaipata wewe.

Kilichoniudhi hasa ni lebo. Boksi linataja B12, lakini orodha ya vilivyomo ni kwa herufi ndogo mno, mpaka mjukuu akaipiga picha kwa simu na kuikuza. B12 haimo hata chembe! Iliyomo ni asidi ya foliki, vitamini nyingine (B9). Hiyo ikiwa peke yake yaweza kuifanya damu ionekane nzuri kwenye kipimo, huku neva zinazidi kuharibika kwa kukosa B12. Mtu wa metformini mwenye ganzi miguuni ndiye wa kuuziwa kitu kama hicho?

Nilikipeleka kichupa kliniki. Nesi akakigeuzageuza, akasema, "Mama, kwa gesi sina neno. B12 tupime." Pale hawapimi, nikaenda maabara ya kulipia, na kweli iko chini. Nimeanza sindano. Ganzi ya sukari na ganzi ya B12 huwezi kuzitofautisha kwa kuzihisi, kwa hiyo yangu ni ya ipi tutajua mbele ya safari. Metformini naendelea nayo kama kawaida, daktari hakuigusa.

Nyota mbili kati ya tano, zote za gesi. Mwenye bidhaa akipita hapa, ama aweke B12 ndani ya kidonge, ama aifute kwenye boksi.